Binti Yairo na Chakula cha Mgonjwa wa Viungo

Fungu la kutafakari: Marko 5:21–43

Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.



Katika sura ya tano ya Injili ya Marko twasoma habari za wanawake wawili walioponywa siku moja. Wa kwanza ni mama aliyetokwa damu kwa miaka 12. Wa pili ni binti Yairo, mkuu wa sinagogi, naye umri wake ulikuwa miaka hiyo hiyo 12. Habari hizi twazijua tangu darasa la kipaimara. Mahubiri mengi tumeyasikia juu ya imani ya yule mama aliyegusa vazi, na juu ya uwezo wa Bwana aliyemshika mtoto mkono akamwinua. Lakini mwishoni kabisa mwa sura liko neno dogo ambalo mara nyingi twalipita mbio. Bwana alipokwisha kumwinua yule binti, aliwaagiza watu wa nyumba ile wampe mtoto chakula. Luka naye, ambaye Paulo katika waraka kwa Wakolosai anamtaja kuwa ni tabibu, hakuliacha neno hilo.

Nimelichagua neno hilo kwa sababu ya ugonjwa ulio katika nyumba nyingi za mtaa wetu, nao ni baridi yabisi. Kila Kwaresima inapokaribia, maswali yale yale hurudi, hasa kwa akina mama. Je, mgonjwa akiacha vyakula fulani atapona? Je, akifunga, maumivu yatakwisha? Na akiona nafuu, aache vidonge vya hospitali? Maswali haya si ya mchezo. Wako waliokwisha kuacha vidonge, na leo vidole vyao vimepinda, wala havitanyooka tena kwa chakula chochote. Mimi si tabibu, ni mwalimu mstaafu. Nayaandika yale ambayo matabibu wenyewe wamekwisha kuyapima, ili tuyatazame katika nuru ya Injili.

Kwanza tuuelewe ugonjwa, kwa maana jina lake hutupoteza. Yabisi ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni kavu. Matabibu wa kale walidhani kwamba maradhi hutokana na baridi, joto, ukavu na umajimaji kuzidi au kupungua mwilini. Ndiyo sababu mpaka leo mama akivimba vidole huambiwa amekanyaga sakafu ya baridi alfajiri, au amefua nguo mno. Sivyo. Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Katika baridi yabisi, ambayo matabibu huiita rumatoidi athraitisi, askari hao hugeuka wakaushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando huvimba na kupata moto, na usipotulizwa, gegedu na mfupa huliwa. Ugonjwa hushika zaidi viungo vidogo vya mikono na miguu, na mara nyingi pande zote mbili pamoja. Asubuhi viungo hukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Mwili wote huchoka, na wengine hupungukiwa damu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 ulimwenguni walikuwa na ugonjwa huu, na katika kila 10, wapata 7 ni wanawake.

Tena tusiuchanganye na maradhi mengine mawili yanayofanana nao. Uko uchakavu wa viungo, unaowapata hasa wazee, katika magoti, nyonga na vidole. Iko na jongo, ambayo siku hizi wengi huiita gauti, itokanayo na asidi ya yuriki kuzidi katika damu. Hiyo hushika ghafula, mara nyingi katika kidole gumba cha mguu. Mgonjwa wa jongo huambiwa apunguze maini, figo, nyama nyekundu na pombe, naye huambiwa kwa haki. Lakini kwetu, makatazo ya jongo hubandikwa kila mtu anayeumwa kiungo. Mama mwenye baridi yabisi huambiwa asile maharage, asile nyama, asile dagaa, mpaka anabaki na ugali na chumvi. Naye ni mtu ambaye ugonjwa tayari unampunguzia misuli na damu! Basi, kabla ya kukatazana vyakula, mgonjwa na apelekwe hospitali apimwe, ijulikane anaumwa nini.

Baada ya hayo, nina mambo matatu ya kuwaambia, nayo yote yamo katika sura hii ya Marko.

JAMBO LA KWANZA: chakula hakichukui nafasi ya dawa.

Marko atuambia kwamba yule mama, kabla ya kumfikia Bwana, alikuwa amezunguka kwa waganga wengi mpaka mali yake ikaisha, na ugonjwa ukazidi. Nani kati yetu hamjui mtu wa namna hiyo? Leo ni unga wa mizizi, kesho ni chupa ya maji ya majani, kesho kutwa ni kopo lisilo na jina lililouzwa stendi ya mabasi. Mwaka 2011 nchi yetu ilishuhudia misururu ya magari ikienda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, na wako wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali baada ya kikombe kile. Simhukumu aliyekwenda, kwa maana mwenye maumivu hutafuta popote. Lakini tujue jambo moja. Katika nchi mbalimbali wapimaji wamezikuta dawa zinazouzwa kama mitishamba mitupu, kumbe zimechanganywa kwa siri na dawa kali za jamii ya steroidi. Mgonjwa hupata nafuu ya siku chache, akaisifu mizizi, huku hajui anameza nini wala kwa kipimo gani.

Chakula nacho chaweza kufanywa kikombe cha namna hiyo. Mtu asikia kwamba fulani aliacha ngano akapona, naye aacha ngano na vidonge siku moja. Hapo ndipo hatari ilipo. Dawa zinazouzuia ugonjwa huu usile mifupa ziko, na ni za miaka mingi: methotreksati, sulfasalazini, haidroksiklorokwini. Hizo huwatuliza wale askari waliogeuka. Zikianzwa mapema, mgonjwa aweza kuhifadhi mikono yake kwa miaka mingi. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu, lakini mfupa huendelea kuliwa kimya kimya. Na chakula, hata kiwe chema namna gani, hakijaonyeshwa kuwa chaweza peke yake kuuzuia mfupa usiliwe.

Wengine husema kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani. Wasome habari za mfalme Hezekia katika 2 Wafalme 20. Mungu alikwisha kumwahidi uzima kwa kinywa cha nabii Isaya. Hata hivyo nabii yule yule aliagiza tini zilizopondwa ziwekwe juu ya jipu lake. Ahadi na dawa vilikuja kwa mtu mmoja. Tena katika Yoshua bin Sira sura ya 38 twafundishwa kumheshimu tabibu, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemweka, na Bwana ndiye azitoaye dawa katika nchi. Mwaka 1948, huko Rochester, Minnesota, Marekani, tabibu Philip Hench na wenzake walimchoma mama mmoja mwenye baridi yabisi sindano ya dawa iliyokuja kuitwa kotizoni. Mama huyo alikuwa hawezi kutoka kitandani, na katika siku chache alitembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wa utafiti huo walipewa tuzo ya Nobel. Baadaye ilionekana kwamba dawa ya jamii hiyo ikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari na shinikizo la damu. Basi matabibu wakajifunza kuitumia kwa kipimo. Ndivyo Mungu anavyotufundisha, hatua kwa hatua, kwa akili aliyotupa.

JAMBO LA PILI: chakula ni msaada wa kweli, nacho kina mipaka yake.

Yule binti hakufufuliwa na chakula. Aliinuliwa na Bwana, kisha akapewa chakula ili apate nguvu. Chakula kina nafasi yake, nayo si ndogo. Hebu tuone wapimaji walipata nini.

Mwaka 1991 gazeti la kitabibu la Lancet, la Uingereza, lilitoa habari za wagonjwa 53 wa baridi yabisi huko Norwei. Wapatao nusu yao, watu 27, walifunga siku 7 hadi 10, wakinywa chai za majani, mchuzi wa mboga na maji ya mboga zilizokamuliwa. Kisha kwa miezi mitatu na nusu walikula vyakula vya mimea visivyo na ngano, halafu wakaongezewa maziwa kidogo kidogo. Baada ya wiki nne walikuwa na nafuu kuliko wenzao waliokula kama kawaida, na mwisho wa mwaka nafuu hiyo ilikuwa bado inaonekana. Lakini watu walikuwa wachache, si wote waliofaidika, na wengine hawakuumaliza mwaka katika mlo ule. Tena imejulikana kwamba nafuu ya kufunga peke yake ni ya muda: mtu akirudia chakula chake cha zamani, maumivu nayo hurudi.

Mwaka 2003 huko Uswidi walipimwa wagonjwa 51. Wengine waliendelea na chakula chao cha kila siku, na wengine kwa miezi mitatu walikula kama watu wa pwani ya Bahari ya Kati: samaki, mboga, kunde, matunda, mkate wa nafaka nzima na mafuta ya zeituni, na nyama nyekundu kidogo. Hao wa pili walipungukiwa uvimbe na wakaweza kazi zao zaidi kidogo. Mwongozo wa mwaka 2022 wa chama cha matabibu wa magonjwa ya viungo cha Marekani ulipendekeza, kwa tahadhari, mlo wa namna hiyo pamoja na dawa. Haukupendekeza milo mingine yenye masharti mazito, wala vidonge vya lishe. Hayo ndiyo yanayojulikana. Si haba, wala si muujiza.

Sasa mtu wa mtaa wetu afanyeje? Zeituni haioti hapa, na chupa yake dukani ni ghali. Lakini tuna vingi ambavyo Mungu ametupa karibu na mlango.

Samaki wenye mafuta, kama vibua na dagaa, wana mafuta ya aina ambayo imeonekana kupunguza kidogo uvimbe na ukakamavu wa asubuhi. Kula samaki hao mara mbili au tatu kwa wiki, wa kuchemsha au wa mchuzi kuliko wa kukaanga. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao hutupa pia chokaa ya mifupa, nayo yahitajika sana kwa anayemeza prednisoloni, ile ndugu ya kotizoni. Maziwa nayo ni mema, ila yachemshwe vizuri, kwa maana dawa za ugonjwa huu hupunguza kinga ya mwili. Kwa sababu hiyo hiyo kachumbari na matunda yaoshwe kwa maji safi.

Mchicha, matembele, kisamvu, maharage, kunde na choroko vyamfaa mgonjwa wa baridi yabisi, asivikimbie. Anayepungukiwa damu akamulie limau kwenye mboga au ale chungwa pamoja na chakula, ili mwili upate kuyapokea madini ya chuma. Chai ya rangi aiweke mbali na mlo, kwa maana huyazuia. Parachichi lina mafuta ya namna moja na yale ya zeituni. Unga wa dona wafaa kuliko sembe. Sukari, soda, vitu vya kukaanga na chumvi vipunguzwe, kwa kuwa uzito ukizidi magoti huelemewa na uvimbe wa mwili huongezeka. Tena ugonjwa huu huutia moyo katika hatari zaidi ya kuugua. Tumbaku iachwe kabisa. Hiyo haina mjadala.

Kama mgonjwa anaona chakula fulani kinamzidishia maumivu, asitupe vyakula kumi kwa siku moja. Achukue daftari. Aache kitu kimoja tu, kwa wiki tatu au nne, aandike kila asubuhi ukakamavu umechukua muda gani. Kisha akirudie, aandike tena. Kama hakuna tofauti, na aendelee kukila kwa shukrani. Hivyo ndivyo tulivyowafundisha watoto katika somo la sayansi: badili jambo moja, tazama, andika. Na daftari hilo akamwonyeshe tabibu.

Tena tuangalie mahali dawa na chakula vinapokutana. Methotreksati humezwa mara moja tu kwa wiki. Imewahi kuua watu walioimeza kila siku kwa kukosea. Basi siku hiyo iandikwe ukutani, na watu wa nyumbani waijue. Anayeimeza asinywe pombe, kwa sababu ya ini. Akapimwe damu kama alivyoagizwa. Na mama anayetazamia kupata mtoto amwambie tabibu mapema, maana dawa hiyo ni hatari kwa mimba. Vidonge vya asidi ya foliki anavyopewa pamoja nayo asiviache kwa kusema kwamba anakula mchicha. Diklofenaki na ibuprofeni zimezwe pamoja na chakula, kwa maana hujeruhi tumbo. Prednisoloni isikatizwe ghafula.

Kutokana na hayo, jibu la Kwaresima latoka lenyewe. Kanisa halijapata kumtwika mgonjwa sheria ya mfungo. Anayemeza dawa zinazohitaji chakula asifunge chakula. Afunge maneno makali, afunge kisasi, atoe sadaka, asome Zaburi. Na akitamani kujaribu kufunga kwa ajili ya viungo vyake, amuulize kwanza tabibu wake. Mfungo wa namna hiyo ni tiba, wala asiuchanganye na toba.

Kabla sijaendelea, liko neno juu ya ulimi wetu. Katika Yohana 9 wanafunzi walipomwona kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lao. Sisi twamwona mwenzetu ameshindwa kupiga magoti, nasi twauliza: alikula nini? Labda alipenda nyama. Labda hashiki masharti. Hilo ni swali lile lile la wanafunzi, limevikwa nguo nyingine. Askari wa mwili hawakugeuka kwa sababu mama alikula chapati kwenye arusi. Na ugonjwa ukipanda tena baada ya miezi ya nafuu, si lazima awe amekosa; ndivyo ulivyo, hupanda na kushuka. Paulo aliwaonya Warumi, katika sura ya 14, wasihukumiane kwa ajili ya chakula. Mgonjwa amekwisha kubeba maumivu. Tusimwongezee mzigo wa hatia.

JAMBO LA TATU: Bwana alimwagiza nani?

Hapa, ndugu zangu, ndipo penye neno zito. Bwana hakumwambia yule binti aende jikoni. Waliokuwemo chumbani walikuwa baba, mama, Petro, Yakobo na Yohana. Hao ndio walioagizwa. Aliyeponywa alipokea, wazima ndio waliotumwa.

Sasa tuitazame hali yetu. Mama mwenye baridi yabisi ametoka hospitali na mashauri mema: ale mboga za majani, ale maharage, ale samaki, apunguze vya kukaanga. Afika nyumbani. Ni nani atakayeteka maji ya kuosha mchicha? Ni nani atakayetwanga kisamvu? Ni nani atakayekuna nazi, atakayemenya mihogo, atakayesonga ugali na kuepua sufuria motoni? Ni mikono ile ile iliyovimba! Asubuhi, saa ya kuandaa chakula cha watoto, ndiyo saa ambayo vidole vyake havifumbi. Basi hupika kilicho chepesi kwa mikono yake: chai ya sukari na andazi la kununua. Jioni twasema kwamba hana nidhamu ya mlo.

Mashauri juu ya chakula, tukimpa mgonjwa peke yake, humwongezea kazi. Tukijigawia sisi wote, huwa msaada. Hilo ndilo ninalotaka tulibebe moyoni kutoka katika makala hii. Mlo wa mgonjwa ni kazi ya nyumba nzima na ya Kanisa zima.

Nawe mume, mchukue mkeo kliniki siku yake, ujue jina la dawa yake, na ukuna nazi ushike mbuzi wewe. Hakuna fungu la Maandiko linalosema mbuzi ya nazi ni ya wanawake tu. Watoto wakubwa, wa kiume kwa wa kike, wasonge ugali. Nyumba yote na ile sufuria moja, ile yenye mboga nyingi na chumvi kidogo. Tusimpikie mgonjwa chungu chake cha adhabu pembeni huku wengine wanakula pilau mbele yake. Mlo ule hautamdhuru mtu mzima. Hata visu vya jikoni vifungwe kitambaa mpini uwe mnene, ili siku anayojisikia vizuri naye aweze kumenya. Kwa maana hataki kukaa bure. Ataka kufanya kadiri awezavyo, na kutembea na kunyoosha viungo humfaa.

Nanyi akina mama wa umoja wetu, mna desturi njema ya kumtembelea mgonjwa kwa sala na sabuni. Ongezeni mafungu mawili ya mchicha yaliyokwisha kuchambuliwa, na maharage yaliyokwisha kuchemshwa. Mkienda nyumba ya mjane anayeishi peke yake na mikono ya namna hiyo, wekeni zamu. Vijana wa kipaimara nao waweza kuteka maji Jumamosi. Tena siku za sikukuu, meza ya kanisa ikiandaliwa, samaki na mboga na matunda viwepo pamoja na pilau, na jagi la maji pamoja na soda, ili mgonjwa ale pamoja nasi bila kujieleza. Na tunapopeana amani kanisani, tusiuminye mkono wa mwenzetu. Tumpe kiganja polepole.

Haya ni madogo. Lakini Bwana aliyeushinda mauti katika chumba kile hakuona aibu kusema habari za chakula cha mtoto. Yeye ambaye angeweza kumshibisha kwa neno, aliwaachia wanadamu kazi hiyo ili nao wawe na sehemu katika kazi yake. Tabibu afanye yake, mgonjwa ameze dawa zake, nasi tufanye yaliyo yetu. Mikono iliyopinda huinuliwa Jumapili kuupokea Mwili wa Kristo; Jumatatu mikono yetu ilete mboga nyumbani mwao.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyemshika binti Yairo mkono, uwatazame wote wanaoamka asubuhi na viungo vilivyokakamaa. Uwape subira na usingizi mwema. Ubariki dawa wanazozimeza, na akili za wanaowatibu, na mashamba na bahari vinavyowalisha. Uwaepushe na wadanganyifu wanaokula mali ya wenye maumivu. Utupe sisi wazima macho ya kuona, na mikono isiyochoka kuwapa chakula. Kwa ajili ya jina lako. Amina.

Mwalimu Mstaafu